Saba Waliozidi

Darasa letu la kidato cha pili, hapa Miritini, lilikuwa na wanafunzi 40. Ilikuwa mwaka 2013. Siku hiyo mwalimu wa hesabu aliingia bila kitabu, akasimama mbele yetu, akasema, "Waislamu, mikono juu." Akahesabu 25. "Shusheni. Sasa, ni nani ambao kwao nyumbani huongewa Kiduruma, Kigiriama, Kidigo, Kirabai, lugha yoyote ya Kimijikenda?" Akahesabu 22. Akaziandika ubaoni, moja juu ya nyingine, akapiga mstari, akajumlisha. Ikatoka 47.

"Darasa lina watu 40," akasema. "Hawa saba waliozidi wametoka wapi?"

"Ni kaunti, mwalimu!" mmoja akapiga kelele kutoka nyuma, na darasa zima likaangua kicheko, maana kaunti 47 ndo kwanza zilikuwa zimeanza kazi mwaka huo.

Mimi sikucheka sana. Nilikuwa nimeinua mkono mara zote mbili. Baba yangu kwao ni Jomvu Kuu, hapo jirani, Mjomvu wa baba na babu. Mama ni Mduruma. Na nilipoinua mkono mara ya pili, niliyekaa naye dawati moja alinigusa kwa kiwiko: "We si Mduruma bana, babako Mswahili." Nikaanza kuushusha. Mwalimu akaniona.

"Mbona unashusha?"

"Wanasema mimi si Mduruma, mwalimu."

"Sijauliza wewe ni nani. Nimeuliza kwenu huongewa nini. Huongewa Kiduruma?"

"Ndio, mwalimu. Mama, na nyanya akija."

"Basi mkono juu."

Kisha akauliza swali la tatu: ambaye hajainua mkono hata mara moja, ainue sasa. Wakawa sita. Hapo akachora jedwali, na nalileta hapa kama alivyolichora, kwa sababu kila kitu ninachotaka kusema kuhusu historia ya mji huu kimo ndani yake.

| | Huongea Kimijikenda | Hawaongei | Jumla |
|---|---|---|---|
| Waislamu | ? | ? | 25 |
| Wasio Waislamu | ? | 6 | 15 |
| Jumla | 22 | 18 | 40 |

Hili ni jedwali la pande mbili. Swali la kwanza linashuka upande wa kushoto, swali la pili linapita juu, na kila mtu anaangukia kisanduku kimoja tu kati ya vinne vya ndani. Waislamu ni 25, basi wasio Waislamu ni 15. Wanaoongea ni 22, basi wasioongea ni 18. Wale sita wa "si huku si huku" wanakaa kisanduku chao. Sasa jedwali linajijaza lenyewe. Kati ya wasio Waislamu 15, sita hawaongei, basi tisa wanaongea. Kati ya waongeaji 22, tisa si Waislamu, basi 13 ni Waislamu. Kati ya Waislamu 25, hao 13 ukiwatoa wanabaki 12. Ujihakikishie: 12 na 6 ni 18. Imekubali.

Wale 13 ndio tulioinua mkono mara mbili. Saba waliozidi walikuwa ni sisi tuliohesabiwa tena, wakapunguzwa na wale sita ambao hawakuhesabiwa hata mara moja. Kumi na tatu toa sita, saba. Hakuna mtu aliyetoka popote. Tulikuwa mle mle darasani.

Nilifurahia ile hesabu kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza kuona kisanduku chenye mimi ndani.

Nyumbani haikuwa hivyo. Nyumbani kulikuwa na hadithi ya babu na ndugu yake. Tumbo moja, nyumba moja, msikiti mmoja. Kwenye karatasi za serikali ya mkoloni mmoja aliandikwa Mwarabu, mwengine akaandikwa Mwafrika. Nyanya alikuwa akiisimulia kama kichekesho: "Mmoja karuka bahari, mwengine kabaki pwani, na wote wamelala mkeka mmoja." Sisi wajukuu tulicheka. Nilipokua ndo nikauliza: kwani iliwezekanaje?

Iliwezekana hivi. Waingereza walipotangaza himaya yao hapa mwaka 1895, walikuta mji ambao watu wake walijipanga kwa namna yao. Waswahili wa Mombasa walikuwa Thenashara Taifa, yaani mataifa kumi na mawili. Matatu yaliitwa Thelatha Taifa: Wakilindini, Watangana na Wachangamwe. Tisa yaliitwa Tisa Taifa, na humo walikuwemo Wamvita, Wakilifi, Wamtwapa na Wajomvu wetu. Ukitazama tu majina, Changamwe na Jomvu, utaona kwamba matatu ya leo yanapitia ndani ya orodha hiyo.

Na mataifa hayo hayakuwa na ukuta. Kila upande ulikuwa na marafiki zake miongoni mwa watu wa bara ya karibu, hawa tunaowaita leo Wamijikenda. Mwanahistoria Justin Willis aliandika kitabu kizima juu ya jambo hili, kikatoka mwaka 1993: mtu aliweza kutoka kijijini kwao, akaja mjini, akapata mwenyeji wa kumpokea, akasilimu, akaoa, na baada ya muda akahesabiwa mtu wa mji. Na hakuwa lazima awakane wa kwao. Hata hilo jina Mijikenda, ambalo leo tunaliona kama la tangu jadi, lilishika kwa nguvu miaka ya 1940. Yaani kisanduku cha mwingiliano, kile cha watu 13 darasani kwetu, ndicho kilichokuwa kimejaa kuliko vyote.

Serikali mpya ilikuja na swali moja tu: wewe ni mwenyeji au si mwenyeji? "Mwenyeji" hapo haikuwa na maana ya mtu aliyezaliwa hapa. Ilikuwa na maana ya Mwafrika, mtu wa chini kabisa katika sheria. Mwenyeji alilipa kodi ya kibanda. Mwanamume mwenyeji, kwa sheria ya mwaka 1915 iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, alibeba kipande, karatasi yenye alama za vidole na rekodi ya kazi, ndani ya kijaluba cha chuma alichokivaa shingoni. Mwarabu hakuwa mwenyeji. Mwaka 1923 serikali ya London ilipotoa waraka wake kuhusu Kenya, iligawa viti vya kuchaguliwa katika baraza la kutunga sheria: Wazungu 11, Wahindi 5, Mwarabu 1. Waafrika, ambao ndio walikuwa karibu nchi yote, waliwekewa mtu mmoja wa kuteuliwa awasemee.

Sasa Mswahili wa Mombasa asimame wapi? Anaongea Kiswahili, anazikwa Mombasa, ana damu ya Bara Arabu kwa babu mmoja na damu ya Rabai kwa nyanya mwengine. Mwalimu wangu angemwambia ainue mkono mara mbili. Mkoloni alimwambia achague, na akichagua vibaya, anachaguliwa.

Watu wa Thenashara Taifa hawakukaa kimya. Mwishoni mwa miaka ya 1920 waliunda chama, na jina walilokipa linanifurahisha kila nikilisoma: Afro-Asian Association, yaani Chama cha Waafrika na Waasia. Ni mkono ulioinuliwa mara mbili! Walidai haki za Waarabu, hasa kura ya kile kiti kimoja. Walipiga kelele na kuandika barua kwa zaidi ya miaka 20, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 ndo wakaruhusiwa kupiga kura pamoja na Waarabu.

Lakini sitaki kuwasafisha wazee wangu. Ili uepuke kipande ilibidi useme "mimi si kama hawa," na "hawa" walikuwa akina mama yangu. Upande wa mama wanaikumbuka hiyo sehemu ya hadithi vizuri kuliko upande wa baba. Babu aliyebaki Mwafrika kwenye karatasi hakubaki kwa msimamo wowote wa kisiasa. Nyanya anasema siku walipoulizwa, ndugu yake alikuwa na mtu wa kumshuhudia, yeye hakuwa naye. Basi tu.

Nina namba nyengine nataka uzitazame. Ni za sensa ya Kenya ya mwaka 1948, sensa ya kwanza iliyojaribu kuhesabu watu wote wa nchi hii. Waafrika 5,251,120. Wahindi na Wagoa 97,687. Wazungu 29,660. Waarabu 24,174. Wengineo 3,325. Chukua simu yako ujumlishe. Utapata 5,405,966, na hiyo ndiyo jumla iliyochapishwa. Hakuna aliyezidi, hakuna aliyepungua.

Nilipoijumlisha mara ya kwanza nilihisi raha, kama ukimaliza swali na jibu likakubali. Kisha nikamkumbuka mwalimu. Darasa la watu 40 tu lilitoa saba wa ziada kwa maswali mawili. Nchi ya zaidi ya milioni tano haikutoa hata mmoja? Bila shaka haikutoa, kwa sababu swali lilikuwa moja na jibu lililoruhusiwa lilikuwa moja. Orodha ya namna hiyo lazima ikubali. Ndani ya ile namba ya Waarabu na ndani ya ile namba ya Waafrika kuna watu wa nyumba moja, na kwenye orodha huwezi kuwaona. Ungehitaji jedwali la pande mbili: juu, serikali ilimwandika nani, kushoto, yeye mwenyewe hujiita nani. Babu yangu na ndugu yake wangekaa safu moja, Wajomvu wote wawili, ila visanduku tofauti. Jedwali la namna hiyo halikuchapishwa.

Kuna jambo moja ambalo mwalimu alitufundisha wiki iliyofuata, na ndilo lililonichukua muda mrefu zaidi kulielewa. Alifuta visanduku vyote vya ndani, hata kile cha sita, akaacha jumla za pembeni tu: 25, 15, 22, 18, 40. Akasema, "Jazeni."

Tulihangaika. Mmoja akaja na 13, kwa sababu alikumbuka. Mwengine akaja na 10, na jedwali lake likakubali kila upande. Mwengine akaja na 20, likakubali pia. Mwalimu akatuonyesha mipaka. Walio kote kote hawawezi kupungua saba, kwa sababu 47 inazidi 40 kwa saba, na hapo hakuna hata mmoja wa "si huku si huku." Hawawezi kuzidi 22, kwa sababu waongeaji wote ni 22, na hapo kila anayeongea Kimijikenda ni Mwislamu. Kutoka saba hadi 22, kila namba inakubali. Ni majedwali 16 tofauti, madarasa 16 tofauti, na yote yana jumla zilezile pembeni.

Kwa hivyo mtu akikupa jumla za dini peke yake, na jumla za makabila peke yake, hajakuambia watu wanaishije. Ni lazima kisanduku kimoja cha ndani kifunguliwe, yaani mtu aende akaulize maswali yote mawili kwa mtu yuleyule.

Ukishalijua hili, siasa za Mombasa zinachekesha kidogo. Msimu wa kampeni, mgombea anasimama pale barabarani Miritini, malori yakipita, anasema Waislamu wako nyuma yake, Wamijikenda wako nyuma yake, vijana wako nyuma yake, akina mama wako nyuma yake. Ukijumlisha anapata kura kuliko watu. Shangazi yangu wa Kiduruma, Mwislamu aliyeolewa Mikindani, ameshahesabiwa mara tatu na hata hajatoka nyumbani.

Ila kuna wakati hachekeshi mtu. Mimi nimezaliwa 1997. Usiku wa tarehe 13 Agosti mwaka huo, watu wenye silaha walivamia Likoni, wakashambulia kituo cha polisi, wakaua na kuchoma, na mashambulizi yakaendelea kwa wiki kadhaa pwani ya kusini. Zaidi ya watu 100 waliuawa. Maelfu kwa maelfu walihama. Walengwa walikuwa "watu wa bara": Wajaluo, Wakamba, Waluhya, Wakikuyu. Ilikuwa miezi michache kabla ya uchaguzi mkuu, na Tume ya Akiwumi baadaye ilikaa kuchunguza ghasia hizo na nyengine kama hizo nchini.

Jirani yetu wa nyumba ya pili alitoka Likoni mwezi huo na mtoto mgongoni, akaja bara ya magharibi, akakodi chumba hapa. Wazazi wake walikuwa Wakamba. Yeye alizaliwa Likoni, akasoma Likoni, akaolewa Likoni, na Kiswahili chake ni kizuri kuliko changu. Mama humwita dada. Nilimuuliza mara moja tu kuhusu usiku ule. Akaniambia, "Waliuliza jina, mwanangu. Hawakuuliza nimezaliwa wapi."

Nikaenda chumbani nikalichora. Juu: wa kabila la pwani, wa kabila la bara. Kushoto: mzaliwa wa hapa, mzaliwa wa kwengine. Visanduku vinne. Wale waliokuwa na mapanga walisoma safu ya juu peke yake. Kisanduku cha mzaliwa wa hapa mwenye jina la bara kwao hakikuwepo, na mtu asiyekuwa na kisanduku kwenye jedwali la mwenye panga anakimbia usiku na mtoto mgongoni.

Haya majedwali yenyewe yana historia yake. Michoro ya duara zinazopandana, ile ambayo wengi wenu mlifundishwa, inabeba jina la John Venn, Mwingereza aliyeieleza mwaka 1880. Mwaka 1904 Karl Pearson wa London aliandika nadharia ya majedwali ya pande mbili na kuyapa jina lake la kitaalamu. Pearson huyohuyo aliamini kwamba binadamu wana daraja za damu, bora na hafifu. Kwa hivyo sitakudanganya kwamba jedwali ni kitu kitakatifu. Mtu anaweza kukuuliza maswali mawili kwa nia mbaya vilevile. Lakini swali moja lenye jibu moja haliachi hata nafasi ya kubishana.

Nilipotimiza miaka 18 nilienda kuomba kitambulisho. Katika ofisi moja, sitaitaja, karani aliuliza kabila. Nikamwambia baba Mjomvu, mama Mduruma. Akanitazama kwa uchovu wa mtu mwenye foleni ndefu. "Andika moja." Nikauliza kama naweza kuandika mbili. "Kijana, nafasi ni moja." Hakuwa na ubaya. Fomu ndiyo ilivyokuwa. Niliandika la baba, nikatoka nje, na nikamkumbuka ndugu yake babu akiwa na shahidi wake.

Lakini fomu hubadilika. Usiku wa kuamkia tarehe 25 Agosti 2019 Kenya ilihesabu watu tena, na kwa mara ya kwanza iliuliza kuhusu watu wenye jinsia mbili. Matokeo ya Kaunti ya Mombasa ni haya: wanaume 610,257, wanawake 598,046. Jumlisha, utapata 1,208,303. Jumla ya kaunti ni 1,208,333. Tofauti ni 30, na wale 30 wana safu yao. Katika sensa zote zilizotangulia walikuwepo, wamesukumwa upande mmoja au mwengine, na hesabu ilikubali vizuri tu bila wao.

Siku hizi jioni nafundisha watoto wa mtaa hesabu barazani kwetu, hapa nyuma ya barabara ya kwenda kituo kikubwa cha treni kilichofunguliwa 2017. Mwezi uliopita niliwafanyia lile swali la darasa letu. Nilibadilisha maswali kidogo: nani huongea lugha zaidi ya moja nyumbani, na nani ana nyanya anayeishi nje ya Mombasa. Walikuwa 11. Mikono ikapanda, ikashuka, tukachora, tukajaza. Ikakubali.

Msichana mmoja, mtoto wa yule jirani yetu wa Likoni, wa mwisho, hakuinua mkono mara zote, na nilipouliza nani hajainua, hakuinua pia.

"Na wewe?" nikamuuliza.

"Nyanya yangu alikuwa Likoni," akasema. "Saa hizi sijui yuko wapi. Niinue ama nisiinue?"

Wenzake wakanyamaza. Nilikuwa na chaki mkononi. Nikafuta mstari wa jumla, nikausogeza chini, nikachora safu nyengine juu yake. Nikamuuliza tuiiteje, akafikiria, akasema tuiache bila jina kwanza. Tukaandika 1 ndani yake, tukajumlisha upya, tukapata 11.